Muujiza wa Ukurasa wa Mwisho

Agosti ya mwaka juzi jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika, huku Mbagala, ilisherehekea somo wake. Mnaozijua jumuiya ndogondogo za Kikatoliki mnajua sherehe ya somo ilivyo: misa asubuhi, pilau mchana, turubai limefungwa uchochoroni, spika za kukodi, na kati ya kwaya na keki kuna nafasi ya vijana kuonyesha kitu. Wiki mbili kabla, mwenyekiti alinifuata dukani. Nina steshenari ndogo, natoa kopi na kuwachapia watu barua, na mtaani inajulikana kwamba naandika hadithi. Akaniambia, "Mwalimu, safari hii hatutaki igizo. Tuandikie hadithi, uisome mwenyewe. Ya kujenga imani." Mimi si mwalimu, ila ukiwa na miwani na mashine ya kopi Mbagala utaitwa mwalimu tu.

Basi nikaandika. Mama mmoja wa Tandika ana mtoto mwenye selimundu. Mtoto analazwa, hali inakuwa mbaya, madaktari wanatikisa vichwa. Mama anafunga siku tatu, rozari haimtoki mkononi. Alfajiri ya siku ya tatu mtoto anafumbua macho na kuomba uji. Mwisho.

Niliposoma neno "uji", turubai zima lililipuka. Makofi, vigelegele, mtu akaanzisha wimbo na kwaya ikaupokea. Sijawahi kupata makofi kama yale kwa kitu chochote nilichoandika, na sitasema uongo, yalinipendeza.

Jioni tukiwa tunakusanya viti, alinisogelea mama mmoja wa jumuiya, muuza vitumbua hapo kituoni. Vitumbua vyake nimevila miaka sita. Akasema, "Mwanangu, hadithi nzuri. Nina swali."

"Uliza, mama."

"Yule mama alisali siku tatu. Mimi wangu nilimsalia miezi minne, wodini na nyumbani. Na ugonjwa ni huohuo. Sasa nilikosea wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mpishi anayemuuliza mpishi mwenzake kwa nini andazi lake halikuumuka. Nikamwambia, "Mama, ile ni hadithi tu." Akajibu, "Najua ni hadithi. Lakini umeiandika wewe, na wewe ni mtu wa Mungu." Akabeba viti viwili akaondoka.

Makala hii ni jaribio la kumjibu. Nimechelewa karibu miaka miwili.

Swali lenyewe, nikilitoa pale chini ya turubai na kuliweka kwenye meza ya wasomaji wa fasihi, ni hili: mwandishi anayeamini ana haki gani ya kumponya mtu kwa kalamu? Sizungumzii mwandishi asiyeamini. Yeye akimponya mtoto wa kwenye hadithi ni uamuzi wa kisanaa, utamsifu au utamlaumu kwa hilo basi. Lakini ninaposimama mbele ya jumuiya nikasema mama alisali na mtoto akapona, naponya kwa jina la mwingine. Muujiza nimeufanya mimi, kwa kalamu ya wino wa bluu, halafu nikaweka chini yake sahihi ya Mungu. Kazi yangu ya kila siku ni kuchapa barua za watu, na ninajua jina la kazi ya kuweka sahihi ya mtu asiyekuwepo. Ni kughushi.

Rafiki yangu mmoja, mlokole wa Kawe anayeandika hadithi za simu na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, nilipomweleza haya alinicheka. "Kaka, hadithi siyo ripoti ya polisi. Sisi tunaandika tunachokiamini. Mungu anaponya, hilo ndilo tunaloamini, kwa hiyo tunaandika anaponya. Ukiandika mtoto kafa, unamwachia shetani neno la mwisho." Yeye amekulia karibu na viwanja vya Tanganyika Packers, ambako mikutano ya injili hukusanya watu kutoka jiji zima. Amesikia shuhuda nyingi kuliko alizosoma riwaya. Na ukisoma hadithi zake unaisikia ile sauti: nilikuwa hivi, nikapatwa na hivi, nikaombewa, leo niko hivi. Filamu zetu nyingi za Bongo zina umbo hilohilo. Mganga anatesa watu saa nzima na nusu, kisha dakika kumi za mwisho mchungaji anaingia na Biblia.

Sitaki kumdharau rafiki yangu. Watu wa huku kwetu wanaishi na mambo mazito, na mtu aliyesimama kwenye daladala saa mbili kutoka Rangi Tatu ana haki ya kusoma hadithi inayoishia na mwanga. Tena ushuhuda ni aina ya simulizi yenye heshima na historia ndefu kwenye lugha yetu. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka London mwaka 1934, mara nyingi hutajwa miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiswahili, na ukikitazama vizuri ni ushuhuda. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, mtu wa Freretown, kijiji cha wamisionari wa Kianglikana ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Anasimulia utumwa, safari, meli za Waingereza kuyakamata majahazi, na uhuru. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama ina msingi. Lakini mimi sishangai mtoto wa mtu aliyefunguliwa minyororo akiandika shukrani. Ningeshangaa asingeandika.

Kinachonisumbua ni kitu kingine, na kipo kwenye kila ushuhuda, wa Freretown na wa Kawe. Ushuhuda hutolewa na aliyefika. Jahazi ambalo halikukamatwa halikuacha msimulizi. Mgonjwa asiyepona hapandi jukwaani kushika kipaza sauti. Hilo si kosa la anayeshuhudia. Yeye anasema lililomtokea. Mbotela alikuwa na baba yake wa kweli, na uhuru wa kweli. Mimi sikuwa na mtoto wa kweli aliyepona. Nilichukua umbo la ushuhuda nikalijaza kitu nilichokibuni, na kwa kuwa nilikibuni mimi, ningeweza pia kuwakumbuka wasiofika. Sikuwakumbuka. Mmoja wao mama yake alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Tena hadithi yangu ilikuwa na hesabu ndani yake, ambayo sikuiona mpaka yule mama aliponionyesha. Hesabu yenyewe ni fupi: sala ya kweli ni sawa na uzima. Ukiisoma kutoka kushoto inafariji. Ukiisoma kutoka kulia inakuwa hukumu: hakupona, basi haikuwa sala ya kweli. Siwezi kuandika nusu ya kwanza nikasema nusu ya pili hainihusu. Yule mama hakukosea kusoma. Alisoma hadithi yangu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote pale.

Kwa wiki kadhaa nilifikiri jibu ni rahisi: mwandishi mwamini asiandike miujiza, kwisha. Halafu nikakumbuka vitabu viwili vilivyonizuia kusema hivyo.

Cha kwanza ni cha C. S. Lewis, yule wa hadithi za Narnia. Lewis alizaliwa Belfast, na mwaka 1908, akiwa na miaka tisa, mama yake aliugua saratani. Mtoto akasali apone. Mama akafa. Lewis aliyasimulia hayo mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 1955. Mwaka huohuo alitoa hadithi ya watoto, The Magician's Nephew, ambamo mvulana anayeitwa Digory ana mama anayekufa kwa ugonjwa, naye anapewa tufaha, anampelekea, mama anapona. Yaani mzee wa miaka hamsini na kitu alikaa mezani akampa mtoto wa kubuni kile alichonyimwa yeye. Je, naye alighushi?

Mimi naona hapana, na sababu iko kwenye namna alivyoandika. Digory hapati tufaha kama mshahara wa kuomba vizuri. Kabla ya hapo anapata nafasi ya kuliiba na kumkimbizia mama yake, na anakataa, huku akiamini kwamba kwa kukataa huko mama yake atakufa. Na mapema zaidi, anapomtazama usoni yule simba mkubwa, anamkuta naye ana machozi. Mtoto aliyefiwa na mama akisoma kitabu hicho hataambiwa popote kwamba angeomba zaidi. Ataambiwa tu kwamba yupo mwingine anayelia naye.

Cha pili kinatoka nyumbani. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya huko Bukoba, akaishi na kufa Mkatoliki. Mwaka 1945, akitiwa moyo na padri mmisionari Almas Simard, alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Myombekere na Bugonoka, kisha baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, baada ya kusubiri miaka 35, naye akafariki 1981. Ni hadithi ya mume na mke wanaopendana na hawapati mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, mume anamfuata, anatozwa pombe ya ndizi, anamrudisha. Wanahangaika na tiba muda mrefu. Mwishowe wanapata mtoto wa kiume, na baadaye wa kike.

Sasa weka pembeni ya hiyo maisha ya mwandishi. Kitereza na mkewe Anna Katura walipata watoto wanne, na wote wakafariki.

Nilipolijua hilo nilikifunga kitabu kwa muda. Mtu aliyezika watoto wanne anawapa watu wake wa kubuni watoto wawili. Na huyu ni mtu wa seminari, anayejua Biblia na Kilatini, angeweza kabisa kuwaletea mmisionari mlangoni, wabatizwe, wasali, wapate mtoto. Wamisionari wangefurahi, na labda kitabu kisingesubiri miaka 35. Hakufanya hivyo. Aliirudisha hadithi nyuma, Ukerewe ya kabla ya misheni, na mtoto wao akaja kwa njia ambayo watu wale wangemtafuta: dawa za mganga, uvumilivu, na mume aliyekataa kumwacha mkewe. Nilipowaeleza vijana wa jumuiya kwamba mwanaseminari kaandika mimba iliyokuja kwa mganga, mmoja aliguna, "Mh, na padri alimruhusu?" Lakini huo ndio uaminifu ninaousema. Hakumtumia Mungu kufunga hadithi kwa haraka.

Na kuna majina. Mtoto wa kiume anaitwa Ntulanalwo, jina ambalo kwa Kikerewe linabeba maana ya kuishi na kifo siku zote. Wa kike ni Bulihwali, yaani uchungu huu utaisha lini. Watoto wamekuja, furaha imekuja, na bado kila ukiwaita waje kula unaita msiba. Sisi tuliokulia Temeke hatuhitaji maelezo marefu. Darasani kwangu alikuwepo Shida, alikuwepo Tabu, walikuwepo Mashaka wawili na Masumbuko mmoja. Tuliwatania sana. Hakuna aliyetuambia kwamba baadhi ya majina yale ni kaburi la kaka au dada aliyetangulia, na kwamba wazazi wale walikuwa wanashukuru na kulia kwa neno moja.

Kwa hiyo siwezi kusema mwandishi mwamini asimponye mtu. Lewis aliponya, Kitereza alitoa watoto. Ninachoona ni kwamba wote wawili walilipa. Waliandika muujiza wakiwa upande wa wale ambao haukuwafikia, na ukisoma unaona kwamba hawajawasahau. Mimi niliandika kutoka upande wa makofi. Muujiza wangu uliuzwa rahisi, aya moja, kikombe cha uji.

Baada ya kufikiri hivyo nikaiandika upya hadithi. Safari hii nilitaka kuwa mkweli. Mtoto anafariki. Hakuna rozari, hakuna mfungo, hakuna sala hata moja, maana niliona hivyo ndivyo vilivyomuumiza yule mama. Kuna wodi, feni inayolia, muuguzi mwenye usingizi, na asubuhi inayokuja kama kawaida. Niliona nimeandika kitu kizuri. Kilifanana na hadithi za kisasa ninazozisoma na kuzipenda.

Nikampelekea jioni moja, wakati analoweka mchele wa vitumbua vya kesho. Aliniwekea kigoda, nikamsomea yote huku yeye akichambua mawe kwenye ungo. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema, "Hii sasa ni kweli. Mambo yanakuwaga hivyo." Nikafurahi. Halafu akauliza, "Lakini Mungu umempeleka wapi?"

"Nimemwondoa, mama. Niliona ndiye aliyekuumiza kwenye ile ya kwanza."

Akaweka ungo chini. "Mimi nilikuuliza nilikosea wapi. Sikukwambia umwondoe. Alikuwepo bwana! Usiku wote nilikuwa nagombana naye pale wodini. Kama hayupo, mimi nilikuwa nagombana na nani?"

Nimesoma makala nyingi kuhusu imani na fasihi, na nyingine nimeziandika mimi, lakini hakuna iliyonifundisha kama sentensi ile. Nilikuwa nimemkosea mara mbili. Mara ya kwanza nilimpa Mungu anayelipa mshahara. Mara ya pili, kwa kumhurumia, nilimnyang'anya yule aliyekesha naye. Hadithi zote mbili zilimwacha mama peke yake: ya kwanza na kosa lake, ya pili na feni.

Nikarudi kwenye Biblia kwa macho mengine. Kitabu cha Ayubu tunakipenda makanisani kwa ajili ya sura ya mwisho, mali inaporudi mara mbili. Lakini kina sura 42, na sehemu kubwa ni mtu anayegombana na Mungu, na marafiki wanaomtetea Mungu kwa hesabu ileile iliyokuwa kwenye hadithi yangu: unateseka, basi umekosea mahali. Mwishoni Mungu anawakasirikia wale mawakili wake, si Ayubu. Na hata katika hiyo sura ya mwisho, angalia namba. Kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto walikuwa kumi, wanakuja kumi. Hawakuzidishwa. Wapo wanaosema ni kwa sababu wale kumi wa kwanza bado wanahesabiwa kuwa ni wake. Sijui kama ndivyo alivyokusudia mwandishi, ila kila mzazi aliyefiwa ninayemfahamu akiulizwa ana watoto wangapi, kwanza anasita.

Hata huyo Monika, somo wetu, hadithi yake tunaifupisha: alilia, alisali, mwanawe Agostino akaokoka. Agostino mwenyewe katika Maungamo anasimulia usiku ambao mama yake alisali kanisani karibu na bahari, akimwomba Mungu mwanawe asisafiri kwenda Roma. Mwana alikuwa amemdanganya, na usiku uleule meli ikaondoka naye. Asubuhi Monika alikuwa ufukweni analia na kumlalamikia Mungu. Hiyo nayo ni sehemu ya utakatifu wake, na kwenye sherehe zetu sijawahi kuisikia ikisomwa.

Hapo ndipo nilipomwelewa upya Euphrase Kezilahabi, mtoto mwingine wa Ukerewe, kisiwa kilekile cha Kitereza, naye aliyepitia malezi ya Kikatoliki. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaingizwa kwenye vitabu vya kusomwa shuleni. Nikiwa sekondari tuliisoma tukitafuta kurasa za siri, kama vijana wote. Nilifikiri ni kitabu cha mtu aliyelikimbia kanisa. Lakini jina lenyewe limetoka kwenye litania ya Bikira Maria. Na ukurasa ambao mwandishi aliyeacha mambo ya Mungu angeuacha kabisa, yeye ameuandika: Rosa, baada ya kujiua, anafikishwa mbele ya Mungu, na Zakaria baba yake naye yupo, na swali linaulizwa waziwazi, nani mwenye hatia? Sijui Kezilahabi aliamini nini alipozima taa usiku, na si kazi yangu kumpima. Najua tu kwamba hakumpeleka Rosa mahali patupu. Alimpeleka mahali pa kujieleza. Kitabu kilichoonekana ni cha kuharibu vijana kilikuwa kimeshika imani kwa mikono miwili kuliko hadithi yangu ya uji.

Na Yesu mwenyewe, mbona alikuwa msimuliaji wa namna hiyo? Mfano wa mwana mpotevu tunaumaliza kwa ndama na ngoma. Usome tena Luka 15. Unaisha nje ya nyumba, gizani au jioni, baba akimbembeleza kaka mkubwa aliyekasirika. Hatuambiwi kama aliingia. Msimuliaji angeweza kumwingiza, ilikuwa sentensi moja tu. Akamwacha mlangoni na baba yake, wanagombana.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki wa Kawe ni hili. Kweli, hadithi si ripoti, na tunaandika tunachokiamini. Ila mimi nimegundua kwamba ninachokiamini si kwamba mtoto atapona. Watoto wengine hawaponi, na nikisema vinginevyo mtu aliyekaa mstari wa tatu anajua nadanganya. Ninachokiamini ni kwamba yule mama hakuwa peke yake wodini. Hilo ndilo ninalopaswa kuliandika, na ni gumu kuliko muujiza, kwa sababu haliwezi kuthibitishwa kwa kikombe cha uji. Mtoto akifumbua macho, kila mtu chini ya turubai anaona. Lakini mtu anayekesha akigombana, utamwonyeshaje huyo anayegombana naye? Sina kanuni. Naandika, nafuta.

Hadithi ya tatu tuliiandika naye, naweza kusema. Nilikuwa napita jioni, yeye anafanya kazi zake, ananisahihisha. Nilimfanya mama alie sana, akasema nipunguze, wodini kuna watoto wa wengine wamelala. Niliandika kwamba siku ya tatu baada ya mazishi mama anarudi kwenye jiko kwa kuwa ni jasiri. Akacheka. "Jasiri wapi. Jirani alikuwa ameshaloweka mchele wangu, akidhani ananisaidia. Ungechacha." Nikaandika hivyohivyo. Na kitu kingine: katika hadithi zote mbili za mwanzo mtoto hakuwa na jina. Nilimwita "mtoto" tu, na sikuwa nimeona. Yeye aliona. Akanipa jina la kumpa, siyo la mwanawe, na hapa sitaliandika.

Agosti iliyopita nilimwomba mwenyekiti nafasi, nikaisoma. Chini ya turubai lilelile, kati ya kwaya na keki. Hakukuwa na vigelegele. Mwisho watu walikaa kimya, mwenye spika akadhani mitambo imezima, akaja kugonga kipaza sauti. Baadaye mwenyekiti aliniambia kwa upole, "Mwalimu, ni nzuri, ila mwakani nadhani turudi kwenye igizo." Simlaumu, sherehe ni sherehe.

Lakini wakati wa kukusanya viti walinifuata watu watatu, mmoja mmoja, kila mtu na wa kwake. Wawili walinisimulia kirefu, na mmoja wao bado ana ugomvi na Mungu wa tangu mwaka 2009. Wa tatu, mzee anayekaa nyuma ya soko, alitaka tu kuniambia jina. Akalitaja, akashika upande mmoja wa meza, mimi nikashika mwingine, tukaipeleka ndani.